Kuimarisha uso wa titaniamu kwa cheche za umeme: mwongozo kamili kuanzia kusafisha mpaka kupima

Titaniamu inasifiwa sana na sifa zake ni za kweli. Sentimita moja ya ujazo ina gramu 4.5 wakati chuma cha kawaida ni 7.8, maji ya bahari haiyaogopi, na ile aloi yake maarufu ya Ti-6Al-4V (asilimia 6 alumini, asilimia 4 vanadi) inabeba mzigo mkubwa kwa uzito mdogo. Ila msuguano ndo unaimaliza. Kaza nati ya titaniamu kwenye bolti ya titaniamu bila kupaka kilainishi, zinashikana katikati ya uzi, ukilazimisha na spana bolti inakatika. Sasa fikiria bushi ya shafti ya pampu (bomba fupi linalovikwa juu ya shafti) inayozunguka ndani ya pakini, zile kamba za kuzuia maji yasivuje, siku nzima, maji ya chumvi yanaingia na mchanga laini ndani yake.

Mwongozo huu nauandikia mafundi wa kukereza na watu wa mentenansi wenye karakana ya kawaida, wanaotaka kuupa uso wa titaniamu tabaka gumu kwa kutumia cheche za umeme. Mfano wangu ni hiyohiyo bushi ya pampu ya maji ya bahari ya Ti-6Al-4V, kipenyo milimita 50, urefu milimita 60, ila hatua ni zilezile kwa vitu vingine vidogo. Na kama utatoka na jambo moja tu humu basi liwe hili: kwenye titaniamu ustadi wote uko kwenye kujua wakati wa kusimama. Tabaka jembamba lililoungana vizuri litadumu, tabaka nene lililozidishiwa cheche litabanduka.

Kwa nini inalika haraka hivyo

Uso wa titaniamu una utandu wa oksaidi wenye unene wa nanomita chache tu, na ndo unaoilinda na kutu. Ukisugua, utandu unavunjika, chuma cha chini kinabaki wazi, na titaniamu ikiwa wazi inang'ang'ania karibu kila inachogusa. Inang'oka hapa inabandikwa pale, na vile vipande vilivyong'oka vinageuka msasa kati ya nyuso mbili. Afu titaniamu inapitisha joto vibaya, Ti-6Al-4V ni karibu mara saba pungufu ya chuma cha kaboni, kwa hiyo joto la msuguano linabaki palepale juu, halishuki ndani, na uso ukipata joto unazidi kushikana.

Ugumu nao haujasaidia. Kwa kipimo cha ugumu kinachoitwa Vickers, Ti-6Al-4V iko kwenye 330 hadi 360 hivi. Titaniamu kabaidi, yaani titaniamu iliyoungana na kaboni, iko karibu na 3000. Hilo pengo ndo tunalolitumia.

Cheche inafanya nini hasa

Kazi hii ilianzia Urusi ya Kisovieti. Mwaka 1943 Boris Lazarenko na mkewe Natalya walikuwa wanachunguza kwa nini kontakti za swichi zinaliwa na cheche, wakaona kwamba huo uharibifu unaweza kugeuzwa kuwa kazi. Ukielekeza cheche upande mmoja zinachonga chuma, na hiyo ndo mashine ya kuchonga kwa cheche inayotumika viwandani leo. Ukizielekeza upande wa pili zinahamisha chuma kutoka kwenye elektrodi (fimbo inayopiga cheche) kwenda kwenye kipande, na hiyo ndo yetu.

Elektrodi inaunganishwa upande chanya, kipande chako upande hasi. Kapasita inajaa umeme kisha inaumwaga wote kwa mkupuo ndani ya mikrosekunde kadhaa mpaka mia kadhaa. Pale cheche inapopiga joto linafika maelfu ya nyuzi, tone dogo la elektrodi linayeyuka na kuruka, kipande nacho kinayeyuka kidoa kidogo, vinachanganyika, afu chuma kilichobaki baridi kuzunguka pale kinalivuta joto lote kwa kasi ya ajabu, nyuzi laki moja mpaka milioni moja kwa sekunde. Cheche inayofuata inapiga pembeni, na nyingine, mamia kwa sekunde. Ukishika kipande kwa nyuma ni vuguvugu tu. Ndo maana bushi haipindi wala haipotezi nguvu yake ya ndani kama ambavyo ingetokea ukiipika kwenye tanuri la naitrojeni kwa saa nyingi kwenye nyuzi 800 au 900.

Kitu ambacho wengi hawakijui ni kwamba kinachobaki juu ya titaniamu sio kilekile kilichokuwa kwenye elektrodi. Titaniamu inapenda kaboni kuliko tangsteni inavyoipenda. Ukitumia elektrodi ya tangsteni kabaidi, ndani ya lile tone lililoyeyuka titaniamu inaipokonya tangsteni kaboni yake, inatengeneza titaniamu kabaidi, na tangsteni inabaki imeyeyuka ndani ya titaniamu. Kwa hiyo ugumu mkubwa unazaliwa hapohapo kwenye kipande chako, umeota ndani ya chuma, haujabandikwa juu. Hii ndo tofauti kubwa na zile njia za kupulizia unga wa moto ambazo tabaka linashikilia kwa kukamata tu ukwaru wa uso.

Kazi inayofaa na isiyofaa

Inafaa kwa maeneo madogo yanayosuguana: bushi, pini, kiti cha vali, sehemu ya shafti inayokaa sili, makali ya blade. Tabaka linakuwa mikroni 20 hadi 50 (mikroni 1000 ni milimita moja), na ukiwa na uvumilivu na mashine nzuri linafika 100. Haifai kujaza shimo la milimita mbili na haifai kwa eneo kubwa kwa sababu ni polepole. Bushi yetu ina eneo la sentimita za mraba 94, ukienda dakika moja na nusu kwa kila sentimita ya mraba hiyo ni zaidi ya saa mbili za cheche tupu bila kuhesabu kusafisha katikati.

Kuna hatari moja lazima isemwe wazi. Tabaka la cheche linabaki na mkazo wa kuvutana ndani yake pamoja na nyufa ndogondogo, na nyufa hizo zinapunguza uwezo wa kipande kuvumilia mzigo unaokuja na kuondoka mara milioni. Titaniamu ni nyeti sana kwa hilo. Kwa hiyo usiguse kona ya ndani ya shafti, sehemu ya uzi, wala popote penye mzigo wa kupindika kwa kurudiarudia. Vipande vya ndege na vya kuwekwa ndani ya mwili wa binadamu viache kwa watu wenye vibali na maabara, hata kama mteja anakubembeleza namna gani. Kinyume chake bushi iliyokaa juu ya shafti haibebi mzigo wa kupindika, kazi yake ni kusuguliwa tu, ndo maana nimeichagua kuwa mfano.

Na kwa nini usinunue tu mpya? Mchanga wenye titaniamu sio adimu, Kwale pale pwani ya Kenya ulichimbwa na kupakiwa melini kuanzia 2014 mpaka uchimbaji uliposimama mwishoni mwa 2024, na duniani sehemu kubwa sana ya madini hayo inaishia kwenye rangi nyeupe. Ghali ni kuugeuza mchanga uwe metali, maana titaniamu haiyeyushwi na makaa kama chuma, inapitia klorini na magnesiamu ndani ya chombo kisicho na hewa. Kipande cha titaniamu kilicholika mikroni 30 tu kukitupa ni hasara inayouma.

Vifaa

Mashine yenyewe ni pawa saplai yenye kapasita pamoja na bunduki ya kushika mkononi ambayo elektrodi yake inatetemeka au inazunguka. Kutetemeka au kuzunguka ni lazima, vinginevyo elektrodi inaganda kwenye kipande. Kabla ya kununua uliza vitu vitatu: unaweza kubadili kapasita, unaweza kubadili voltiji, na unaweza kubadili idadi ya cheche kwa sekunde. Mashine isiyo na hivyo vitatu itakusumbua kwenye titaniamu. Kujitengenezea nyumbani sishauri kabisa, kapasita iliyojaa inaua hata mashine ikiwa imechomolewa ukutani.

Nguvu ya cheche moja unaipiga hesabu hivi: nusu ya kapasita mara voltiji mara voltiji. Kapasita ya mikrofaradi 100 kwenye volti 100 inatoa jouli 0.5, hiyo ni kali mno kwa bushi yetu. Mikrofaradi 47 kwenye volti 80 inatoa jouli 0.15, hapo ndo pa kuanzia. Mikrofaradi 20 kwenye volti 60 ni jouli 0.036, hiyo ya kumalizia. Andika hesabu hii kwenye daftari lako kwa sababu namba za swichi za mashine tofauti hazifanani ila jouli ni jouli.

Vingine: mtungi wa argoni ya asilimia 99.99 au zaidi na regyuleta, miwani ya kuzuia mwanga mkali, barakoa ya chembe ndogo na feni ya kuvuta moshi, glavu za naitraili zisizo na poda, asetoni, brashi ya steniles mpya ambayo haijawahi kugusa chuma cha kawaida, jiwe na pesti ya almasi, maikromita, lenzi ya kukuza mara 10, na mizani inayosoma miligramu. Mizani wanazotumia maduka ya dhahabu zinatosha.

Elektrodi ndo uamuzi mkubwa, kwa hiyo hapa tukae kidogo. Ya kwanza ni tangsteni kabaidi yenye kobalti asilimia 6 au 8, fimbo ya milimita 3. Inahama vizuri, inajenga unene, inavumilia makosa ya mkono, na ndo ya kujifunzia. Ubaya wake kwa pampu ya bahari ni kobalti, maji ya chumvi yanaila polepole, inatoka kidogokidogo na kuacha kabaidi bila kishikizo. Ya pili ni titaniamu kabaidi iliyoshikwa na nikeli na molibdeni, hii inavumilia chumvi zaidi na tabaka lake ni jepesi, ila inavunjika kirahisi ukiigandamiza. Ya tatu ni grafiti. Grafiti haijengi unene karibu kabisa, inachofanya ni kuingiza kaboni kwenye titaniamu iliyoyeyuka na kuigeuza kabaidi, kipimo cha kipande kinabaki karibu vilevile, na mara nyingi chembe za grafiti zinabaki usoni zikisaidia kulainisha. Tena ni bei rahisi, hakikisha tu ni grafiti safi iliyobanwa sana na sio ya brashi za mota, zile za mota zinaweza kuwa na shaba ndani.

Kwa bushi ya maji ya bahari mimi naenda na titaniamu kabaidi kwanza kisha grafiti ya kumalizia. Bushi ikiwa haijalika kabisa na unataka kuikinga tu, grafiti peke yake inatosha. Kwa kitu kinachofanya kazi pakavu au kwenye mafuta, tangsteni kabaidi na kobalti ni sawa kabisa.

Hatua ya 1: jua chuma chako na uandae kipande cha majaribio

Hakikisha ni titaniamu gani. Ile safi isiyo na aloi ni laini, Vickers 150 hadi 200, na tabaka gumu juu ya kitu laini linapasuka likigandamizwa kwa sababu chini hakuna wa kulibeba. Kwenye laini punguza matarajio. Kata vipande vidogo viwili vitatu vya aloi ileile, sentimita 1 kwa 1, maana bila vipande vya majaribio unabahatisha kwenye mali ya mteja.

Hatua ya 2: kukereza na kuandaa uso

Kereza bushi mpaka uondoe mikwaruzo yote na ile ngozi ngumu ya oksijeni kama kipande kiliwahi kupata joto zaidi ya nyuzi 550 hivi. Ngozi hiyo ni ngumu lakini inapasuka, na ukiacha tabaka lako litakaa juu ya kitu kilichopasuka tayari. Kumbuka kuacha nafasi, tabaka la mikroni 25 kila upande linaongeza kipenyo kwa mikroni 50, kwa hiyo kereza chini ya kipimo cha mwisho kwa kiasi hicho ukipunguza kile utakachosugua mwishoni. Makali ya pembe yazungushe nusu milimita, pembe kali ndo inabanduka ya kwanza kila mara.

Ukipiga msasa osha vizuri baadae, punje za msasa zinazama ndani ya titaniamu na cheche haishiki juu ya punje.

Na hapa hapa kwenye kukereza kuna moto. Vumbi na nyuzi laini za titaniamu zinawaka, na zikiwaka ukimwagia maji unatengeneza haidrojeni, moto unapasuka. Hewa ya ukaa haisaidii na titaniamu inaweza kuendelea kuwaka hata kwenye naitrojeni tupu. Weka karibu ndoo ya mchanga mkavu kabisa au poda maalum ya moto wa metali, fagia chenga kila siku, usiziache zirundikane chini ya mashine.

Hatua ya 3: usafi

Vaa glavu na kuanzia hapa usiguse uso kwa mkono mtupu. Futa kwa asetoni na kitambaa cheupe kisichotoa nyuzi, badilisha kitambaa, futa tena mpaka kisitoke na rangi. Usitumie viyeyushi vyenye klorini wala methanoli, vyote viwili vinaweza kuisababishia titaniamu nyufa. Jasho nalo lina chumvi yenye klorini, ndo sababu ya glavu. Brashi ya steniles ipite kidogo, afu asetoni mara ya mwisho, na uanze kazi siku hiyohiyo. Habari ya kuosha kwa asidi ya haidrofloriki nimeiacha makusudi, asidi hiyo inapenya ngozi mpaka mfupa na karakana ya kawaida haina dawa yake.

Hatua ya 4: kutafuta muda wa kusimama

Hii ndo hatua wengi wanairuka na ndo inayoamua kila kitu.

Cheche za mwanzo zinaongeza. Kila cheche inaleta kidogo cha elektrodi na tabaka linanenepa. Lakini kila cheche pia inapasha na kupoza ghafla kile kilichowekwa na zilizotangulia, mkazo unajikusanya, kabaidi inazidi, tabaka linazidi kuwa la kupasuka, mpaka inafika mahali cheche inayofuata inang'oa zaidi ya inachoweka. Ukiendelea zaidi ya hapo uso unaonekana bado unafanyiwa kazi, cheche zinalia vilevile, na ndani tabaka linakufa.

Kwa hiyo chukua kipande cha sentimita 1 ya mraba, kipime uzito, kipige cheche kwa dakika moja, kisafishe, kipime, rudia, huku ukiandika. Utaona uzito unapanda haraka, halafu unapanda polepole, halafu unasimama au unashuka. Tuseme umesimama dakika ya 3, basi kwenye kazi halisi simama kwenye dakika 2 na robo hivi, yaani robo tatu ya muda ule. Uzito wenyewe sio mkubwa: tabaka la mikroni 20 la titaniamu kabaidi kwenye sentimita moja ya mraba ni karibu miligramu 10, la tangsteni kabaidi linakaribia 30 kama lote lingekuwa tangsteni kabaidi tupu. Ndo maana ya ile mizani.

Kwa grafiti mizani haitakusaidia kwa sababu karibu hakuna kinachoongezeka. Hapo tumia jicho na lenzi, simama uso ukiwa umefunikwa wote kijivu cheusi kisichong'aa bila kidoa cha titaniamu kilichobaki, usirudie tena juu yake.

Kila ukibadili elektrodi, voltiji, kapasita au gesi, muda huo unabadilika na jaribio linarudiwa.

Hatua ya 5: kufunga kipande na gesi

Funga bushi kwenye kitu kinachozunguka polepole, mashine ya kukereza iliyo kwenye mwendo wa chini kabisa ni nzuri, ila umeme usipitie kwenye beringi za mashine, utazichoma. Weka klampu ya ethi moja kwa moja kwenye bushi, sehemu isiyosuguana, na iwe imebana kwelikweli, klampu legevu inapiga cheche zake yenyewe na kuacha makovu.

Argoni lita 8 hadi 12 kwa dakika, mdomo wa gesi milimita 10 hadi 15 kutoka kwenye cheche. Zima feni inayopuliza moja kwa moja, ila ya kuvuta moshi iache mbali kidogo iendelee, moshi wa kobalti na nikeli ni adui wa mapafu yako. Mtu mwenye kifaa cha umeme cha moyo asikaribie mashine hii.

Rangi itakuambia kama gesi inatosha. Kijivu cha fedha ni sawa. Dhahabu mara nyingi ina maana naitrojeni ya hewa imeingia, sio mwisho wa dunia kwani titaniamu naitraidi nayo ni ngumu, Vickers 2000 na kitu, na kuna wanaofanya makusudi kwa kutumia naitrojeni badala ya argoni, ila nyufa zinakuwa nyingi zaidi. Bluu au zambarau ni oksijeni, rekebisha gesi kabla ya kuendelea. Unga mweupe unaopukutika, simama, ondoa tabaka lote.

Hatua ya 6: kupiga cheche

Anza na jouli 0.15, cheche 200 kwa sekunde, elektrodi ikilala nyuzi 45 hivi. Mkono uwe mwepesi. Elektrodi iguse tu, usiigandamize, sauti nzuri ni mchakato wa sawasawa usiokatika. Ikinata-nata umegandamiza au nguvu imezidi, ikiwa kimyakimya na cheche za hapa na pale uko mbali au kuna uchafu. Sogea muda wote kwa mistari inayopandana nusu kwa nusu, usikae sehemu moja hata kidogo. Mpito wa kwanza fuata urefu wa bushi, wa pili fuata mzunguko, hivyo matundu ya mpito wa kwanza yanafunikwa na wa pili.

Kati ya mipito piga brashi ya steniles, futa kwa asetoni, angalia kwa lenzi. Ncha ya elektrodi nayo inabeba titaniamu iliyorudi, isugue kidogo kwenye jiwe la almasi mpaka uone rangi yake ya asili. Watu wakilalamika kwamba tabaka limekuwa laini kuliko la jana mara nyingi ni ncha chafu.

Ukifika robo tatu ya muda uliopima hatua ya 4, simama. Hata kama unaona bado uso una mabondemabonde. Mabonde hayajazwi kwa nguvu kubwa, yanapunguzwa kwa nguvu ndogo, yaani shuka jouli 0.036, panda cheche 400 kwa sekunde, na upite mara moja kwa haraka. Baada ya hapo badilisha uweke grafiti kwa nguvu hiyohiyo ndogo, mpito mmoja.

Hatua ya 7: kulainisha

Uso wa cheche ukitoka hivihivi una ukwaru wa mikroni 2 mpaka 5 au zaidi, na uso mgumu wenye ukwaru utatafuna pakini ndani ya muda mfupi, halafu lawama itakuja kwenye tabaka. Sugua kwa jiwe la almasi laini kisha pesti ya almasi mpaka ukwaru ushuke mikroni 0.4 au chini. Msasa wa kawaida unateleza tu juu ya kabaidi na kuchimba sehemu laini, ukaishia na mawimbi. Pima kwa maikromita kila baada ya muda mfupi, unachotaka kuondoa ni vilele tu, mikroni 5 hivi kila upande. Kama ili ufikie ulaini unalazimika kuondoa 15 ujue nguvu ya cheche ilikuwa kubwa tangu mwanzo, na dawa ni kurudi kwenye kipande cha majaribio kwa jouli ndogo.

Wenye vifaa vya kugonga uso kwa ultrasoniki au kubingirisha kwa kigololi cha almasi, hapa ndo mahali pake, vinageuza ule mkazo wa kuvutana kuwa wa kubanana na nyufa zinatulia.

Hatua ya 8: vipimo

Lenzi kwanza. Kisha dawa ya rangi ya kuonyesha nyufa, ile wanayotumia wakaguzi wa weldingi: nukta ndogondogo zilizotawanyika zinavumilika, mistari inayoungana kama mtandao haivumiliki. Chukua tupa mpya, iburuze kidogo pembeni pasiposuguana, juu ya tabaka inateleza na juu ya titaniamu tupu inauma, utausikia mkono wako wenyewe. Kwenye kipande cha majaribio chembamba fanya la kikatili zaidi, kipinde: tabaka litapasuka, hilo ni kawaida, ila likipukutika magamba basi halikuungana na usipeleke kazi.

Ukiwa karibu na chuo cha ufundi chenye maabara ya metali, waombe wakate kipande cha majaribio, waking'arishe na kupima ugumu kwa mzigo mdogo wa gramu 50 kwenye upande uliokatwa. Mzigo mkubwa utapenya tabaka na kupima titaniamu ya chini. Mara nyingi namba zinacheza kati ya 900 na 1500, na hazilingani kutoka nukta hadi nukta kwa sababu tabaka lenyewe ni mchanganyiko wa kabaidi na titaniamu, kwa hiyo pima nukta nyingi. Usitarajie ile 3000 ya kabaidi tupu.

La mwisho ni kusuguanisha. Funga kipande kilichopakwa kigandamize kidogo kwenye kile kitakachosuguana nacho kweli, kwenye maji ya chumvi, nusu saa, afu pima uzito wa vyote viwili. Vyote viwili nasisitiza. Tabaka lisilolika hata miligramu moja huku likimla mwenzake sio ushindi, inabidi urudi hatua ya 7.

Ikishafungwa kwenye pampu

Siku ya kwanza usikaze pakini kwa nguvu, iache idondoshe maji ya kutosha na kaza kidogokidogo kadiri nyuso zinavyozoeana. Baada ya muda utakapofungua kubadilisha pakini, angalia bushi kwa lenzi: ikianza kuonyesha madoa yanayong'aa ya titaniamu katikati ya kijivu, tabaka limeanza kuisha na bado hujachelewa. Usipige cheche juu ya tabaka lililozeeka, nyufa zake zitapanda mpaka kwenye jipya. Lisage lote kwa jiwe la almasi mpaka chuma kitupu kionekane kila mahali, pima kipenyo kilichobaki, na kama kimepungua zaidi ya mikroni 100 chini ya kile ulichoanza nacho, ujenge kwanza kwa elektrodi ya titaniamu yenyewe, ndani ya argoni, kabla ya kuweka kabaidi.